Garland alinyimwa, Barrett akapewa: je, Katiba ya Marekani ilivunjwa?

SWALI

"Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Des Moines, Iowa. Mwaka jana nilikula kiapo cha uraia, kwa hiyo uchaguzi ujao ndio wangu wa kwanza kupiga kura. Nyumbani kwetu kuna ubishi usiokwisha. Mume wangu anasema Warepublikan walivunja Katiba mwaka 2016 walipokataa hata kumsikiliza jaji aliyeteuliwa na Obama, wakidai ni mwaka wa uchaguzi, halafu mwaka 2020 wakampitisha jaji wa Trump zikiwa zimebaki siku nane tu kufika uchaguzi. Shemeji yangu, ambaye ni Republican, anasema kila kitu kilifuata sheria na Wademokrat ndio walioanza. Nani mkweli? Mimi suala hili linaniuma kwa sababu nyingine. Kaka yangu wa Kigoma alishinda bahati nasibu ya viza, akafungiwa mlango mwaka 2020 Trump alipoiingiza Tanzania kwenye orodha yake. Niliambiwa ni Mahakama ya Juu iliyomruhusu kufanya hivyo, na kwamba yule jaji wa Obama angekuwa kitini mambo yangekuwa mengine. Sasa kila nikisikia jaji mpya anateuliwa moyo unanienda mbio. Anaweza kuugusa uraia wangu? Na kura yangu moja ya Iowa inafanya nini kwenye mambo makubwa kama haya?"

JIBU

Marahaba, dada yangu, na hongera sana kwa uraia.

Nianze na ubishi wa nyumbani. Nadhani mume wako na shemeji yako wanabishania mambo mawili tofauti bila kujua. Kuna kuvunja Katiba, na kuna kulitumia pengo ambalo Katiba imeliacha wazi ili kumdhulumu mwenzako. Katiba haikuvunjwa, si mwaka 2016 wala 2020. Hapo shemeji yako yuko sahihi. Lakini anaposema "sheria ilifuatwa" na kuishia hapohapo, anaacha nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayomchoma mume wako.

Katiba ya Marekani inasema machache mno kuhusu majaji wa Mahakama ya Juu. Ibara ya Pili inampa Rais mamlaka ya kuteua kwa ushauri na ridhaa ya Seneti, mojawapo ya mabunge mawili ya nchi hiyo. Ibara ya Tatu inasema jaji atakaa kazini maadamu mwenendo wake ni mwema, maana yake mpaka afe, ajiuzulu au aondolewe na Bunge kwa kosa. Basi. Haisemi Seneti imalize kazi yake kwa siku ngapi. Haisemi lazima mteule aitwe na kuhojiwa. Mwaka wa uchaguzi haukutajwa popote. Hata idadi ya majaji haimo: walianza na sita mwaka 1789, idadi ikapandishwa na kushushwa mara kadhaa kwa sheria za kawaida za Bunge, na hii tisa tunayoijua imesimama tangu 1869. Kwa miongo mingi pengo hilo lilizibwa na desturi: Rais akiteua, Seneti inamwita mteule, inamhoji, inapiga kura, inamkubali au inamkataa. Desturi haina askari wa kuilinda. Siku wenye kura nyingi wakiamua kuiacha, hakuna mahakama ya kuwashtakia.

Tarehe 13 Februari 2016 Jaji Antonin Scalia alikutwa amefariki kwenye ranchi moja huko Texas. Alikuwa na miaka 79, nguzo kubwa ya upande wa kihafidhina katika Mahakama ambayo ilikuwa imegawanyika karibu nusu kwa nusu. Siku hiyohiyo, kabla hata mazishi hayajapangwa, Mitch McConnell, seneta wa Kentucky aliyewaongoza Warepublikan waliokuwa wengi katika Seneti, akatangaza kwamba kiti kile kisubiri rais mpya. Wananchi waachwe waseme kwanza. Uchaguzi ulikuwa umebakiza karibu miezi tisa. Tarehe 16 Machi Obama akamteua Merrick Garland, jaji mkuu wa mahakama ya rufaa ya shirikisho jijini Washington, mtu wa miaka 63 aliyeheshimiwa na pande zote mbili kwa kutokuwa na makali ya kichama. Garland hakukataliwa, kwa sababu hata kura haikupigwa. Hakuitwa kuhojiwa. Uteuzi wake ulikaa siku 293, Seneti ile ikamaliza muda wake tarehe 3 Januari 2017, na uteuzi ukafa wenyewe.

Na hapa Iowa yako inaingia. Mwenyekiti wa Kamati ya Sheria ya Seneti, kamati inayowahoji wateule wa ujaji, alikuwa Chuck Grassley, seneta wa jimbo lako. Kama umewahi kukaa kwenye kikoba unajua: mwenyekiti asiyetaka jambo lijadiliwe hana haja ya kulipinga, analiacha tu nje ya ajenda. Grassley alimpokea Garland kwa mazungumzo ya adabu wakati wa kifungua kinywa, akamweleza kwamba hakutakuwa na kikao, na ikawa hivyo. Watu wa Iowa walipata nafasi ya kumjibu. Novemba ya mwaka huohuo alisimama kugombea tena, akashinda kwa takriban asilimia 60. Nitarudi kwenye hilo nikifika kwenye kura yako.

Sasa mwaka 2020. Jaji Ruth Bader Ginsburg, mwenye miaka 87, alifariki tarehe 18 Septemba, siku 46 kabla ya uchaguzi. Tarehe 26 Septemba Trump akamtangaza Amy Coney Barrett, miaka 48. Vikao vikaanza tarehe 12 Oktoba. Tarehe 22 Oktoba kamati ilipopiga kura, Wademokrat walisusia, na kwenye viti vyao wakaweka picha kubwa za wananchi waliotegemea bima ya afya ya Obama, kwa hofu kwamba Barrett angekwenda kuifuta. Kesi dhidi ya sheria hiyo ilipangwa kusikilizwa wiki moja baada ya uchaguzi. Tarehe 26 Oktoba Seneti ikampitisha kwa kura 52 dhidi ya 48, na usiku huohuo akaapishwa Ikulu. Mamilioni ya watu walikuwa wameshapiga kura za mapema.

Shemeji yako atakwambia alichosema McConnell mwenyewe: mwaka 2016 Rais na Seneti walikuwa wa vyama tofauti, mwaka 2020 walikuwa wa chama kimoja, kwa hiyo hali si sawa. Ni hoja, na naipa uzito wake. Ni kweli kwamba katika historia marais waliokuwa na Seneti upande wao walipitisha majaji kwa urahisi zaidi hata uchaguzi ulipokaribia. Lakini mwaka 2016 wananchi waliambiwa jambo la msingi, kwamba wao ndio waseme kwanza. Jambo la msingi halibadiliki kwa kuangalia nani yuko Ikulu. Lindsey Graham, seneta wa South Carolina, mwaka 2016 aliwaambia wenzake kwenye kamati wayatumie maneno yake dhidi yake iwapo Republican ataingia madarakani, nafasi ikatokea mwaka wa mwisho, naye akageuka. Mwaka 2020 alikuwa ndiye mwenyekiti wa kamati hiyo, naye ndiye aliyeviendesha vikao vya Barrett.

Maoni yangu ni haya. Mwaka 2016 Warepublikan walikuwa na viti 54 katika Seneti, mwaka 2020 walikuwa na 53. Hicho ndicho kilichoamua mara zote mbili, na sababu nyingine zilitafutwa baadaye. Kumkataa Garland kwa kura ya wazi kungekuwa haki yao kamili. Kukataa hata kumsikiliza lilikuwa ni kuikimbia kazi waliyoapa kuifanya.

Kuhusu "nani alianza", kila upande huchagua tarehe inayoufaa. Warepublikan huanza na mwaka 1987, Reagan alipomteua Robert Bork. Saa hiyohiyo Seneta Ted Kennedy alisimama bungeni kumshambulia vikali, na baada ya miezi ya mapambano Bork akaanguka kwa kura 58 dhidi ya 42. Kumbuka hata hivyo kwamba Bork aliitwa, alihojiwa kwa siku kadhaa mbele ya kamera, na alipigiwa kura; Warepublikan sita nao walimkataa. Kiti hichohicho kikajazwa na Anthony Kennedy mwezi Februari 1988, mwaka wa uchaguzi, na Seneti iliyoshikwa na Wademokrat, kwa kura 97 bila hata moja ya kupinga. Kwa hiyo anayekwambia kuna kanuni ya kale inayozuia kupitisha majaji mwaka wa uchaguzi, mtajie Kennedy. Wakati huohuo, anayekwambia Wademokrat hawajawahi kufikiria kanuni kama hiyo, mtajie hotuba ya Joe Biden ya Juni 1992, alipokuwa mwenyekiti wa kamati ileile, akishauri kwamba nafasi ikitokea katikati ya kampeni Rais angoje. Nafasi haikutokea, lakini maneno hayakusahaulika, na Warepublikan waliyafukua mwaka 2016.

Ukitaka kwenda nyuma zaidi, mwaka 1795 Seneti ilimkataa John Rutledge, aliyeteuliwa na George Washington kuwa Jaji Mkuu, kwa sababu alikuwa ameushambulia hadharani mkataba na Uingereza. Siasa ilikuwemo tangu siku za mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba zamani ilikuwa dharura na sasa ni kawaida. Scalia mwenyewe, mhafidhina asiyejificha, alipita mwaka 1986 kwa kura 98 kwa 0. Ginsburg, mtetezi wa haki za wanawake anayejulikana, alipita mwaka 1993 kwa 96 dhidi ya 3. Leo hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye angefikisha kura 60.

Na hizo kura 60 ndizo kiini cha mambo. Kwa muda mrefu kanuni za Seneti zilidai maseneta 60 kati ya 100 wakubali kufunga mjadala kabla jambo halijapigiwa kura. Wachache wangeweza kuongea mpaka jambo life. Wamarekani huita filibasta. Kwa sababu chama kimoja ni nadra kuwa na viti 60, Rais alilazimika kutafuta jaji ambaye hata wapinzani wachache wangeweza kumvumilia. Mwezi Novemba 2013 Wademokrat, wakiongozwa na Harry Reid, walichoshwa na Warepublikan waliokuwa wakiwazuia wateule wa Obama, wakaifuta kanuni hiyo kwa majaji wa mahakama za chini. Mahakama ya Juu wakaiacha. Mwezi Aprili 2017 Warepublikan wakamalizia kazi ili kumpitisha Neil Gorsuch kwenye kiti alichonyimwa Garland. Alipita kwa 54 dhidi ya 45. Dawa ya moto ikawa moto. Tangu siku hiyo Rais mwenye nusu ya Seneti na ushee hana sababu ya kumtafuta mtu wa kati. Brett Kavanaugh alipita mwaka 2018 kwa 50 dhidi ya 48, baada ya Christine Blasey Ford kutoa ushahidi chini ya kiapo kwamba alimshambulia kingono walipokuwa vijana, naye Kavanaugh akakana kwa ukali. Ketanji Brown Jackson, mwanamke Mweusi wa kwanza katika Mahakama hiyo, aliyeteuliwa na Biden mwaka 2022, alipita kwa 53 dhidi ya 47.

Ongeza hapo suala la umri. Jaji akikaa mpaka kufa, chama chenye akili kinateua kijana. Gorsuch alikuwa na miaka 49, Barrett 48. Clarence Thomas aliingia mwaka 1991 akiwa na 43, na bado yumo. Kiti kimoja ni miaka thelathini ya sheria za nchi, na hakuna anayejua lini kingine kitapatikana: Trump alipata vitatu katika miaka minne, Jimmy Carter hakupata hata kimoja. Zawadi kubwa kiasi hicho, inayotegemea msiba wa mtu, haiwezi kugombewa kwa upole.

Nije kwa kaka yako, maana naona hapo ndipo panapouma.

Ulichoambiwa kina ukweli, lakini si ukweli mtupu. Tarehe 26 Juni 2018 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba Trump alikuwa na mamlaka ya kuzuia watu wa nchi kadhaa kuingia, Somalia ikiwemo, kwa sababu sheria ya uhamiaji inampa Rais nafasi pana ya kufanya hivyo. Gorsuch alikuwa mmoja wa watano. Wanne waliopinga wote walikuwa wameteuliwa na marais wa Democratic. Kihesabu, kura moja ingegeuza matokeo, na kiti cha Gorsuch ndicho ambacho kingekuwa cha Garland. Lakini Garland angepigaje kura, hilo hakuna awezaye kukuapia. Uamuzi wa kuiongeza Tanzania ulitolewa Januari 2020 na ukaanza kazi Februari, nao ulihusu viza za bahati nasibu tu. Biden aliufuta siku ya kwanza ofisini, tarehe 20 Januari 2021. Kwa kaka yako ulikuwa umeshachelewa, kwa sababu ushindi wa bahati nasibu unakufa tarehe 30 Septemba ya mwaka wake wa fedha, hata kama kosa si la mshindi. Mtu ameshalipia vipimo, ameshatafsiri vyeti, ameshaaga ukoo, halafu kalenda inamfungia. Ni haki kabisa kuumia.

Ila angalia mnyororo ulivyo: Bunge lilitunga sheria pana, Rais akaitumia, Mahakama ikasema sheria inamruhusu, Rais mwingine akaondoa. Jaji mmoja alikuwa pete moja tu kwenye mnyororo huo. Hukumu ile ya 2018 bado ipo, na mwaka 2025 Trump aliporudi madarakani akatoa zuio jipya ambalo lilizigusa nchi kadhaa, Burundi ikiwa mojawapo, na Desemba mwaka huohuo Tanzania nayo ikaongezwa. Bunge likiibadili sheria ya uhamiaji, hukumu hiyo itabaki bila kazi. Watu wetu wengi hulitazama jengo la Mahakama peke yake na kusahau mlango wa Bunge.

Kuhusu moyo kwenda mbio kila jaji anapoteuliwa, nikutulize kwa mambo ya hakika. Majaji hawa si roboti za vyama. Ile bima ya afya ambayo picha ziliwekwa kwenye viti kwa ajili yake? Mwezi Juni 2021 Mahakama iliitupa kesi dhidi yake kwa kura 7 kwa 2, na Barrett alikuwa miongoni mwa saba. Desemba 2020 Texas ilipoomba matokeo ya uchaguzi katika majimbo manne aliyoshinda Biden yazuiwe, Mahakama yenye majaji watatu wa Trump ilikataa kuipokea kesi. Hata hivyo sitakuficha upande wa pili. Juni 2022, majaji haohao watatu pamoja na wengine walifuta haki ya utoaji mimba iliyokuwa imedumu tangu 1973. Uteuzi una matokeo. Hayatabiriki kwa urahisi kama wanavyodai wanaoomba michango ya kampeni, lakini yapo.

Na uraia wako? Mwaka 1967 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Bunge haliwezi kumvua mtu uraia wa Marekani bila ridhaa yake. Kwa walioupata kwa kuapa kama wewe, serikali inaweza kwenda mahakamani kuomba ufutwe ikithibitisha kwamba ulipatikana kinyume cha sheria au kwa udanganyifu. Mwaka 2017 majaji wote tisa, wa pande zote, walikubaliana kwamba si kila uongo mdogo unatosha. Lazima uwe umechangia kuupata uraia. Jaji mpya haingii kazini na faili lako mkononi. Mahakama hii haichagui watu wa kuwahukumu, inasubiri kesi ziifikie, na inasikiliza takriban sitini tu kwa mwaka kati ya maelfu zinazoombwa.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki huniuliza kwa nini Marekani isifanye kama Kenya. Ni swali zuri. Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka Tume ya Utumishi wa Mahakama inayowahoji waombaji hadharani, televisheni ikirusha moja kwa moja, na jaji anastaafu akifika miaka 70. Lakini mwaka 2019 Tume ilipopendekeza majaji wapya takriban arobaini, Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuwateua. Mahakama ikamwamuru, hakutii. Juni 2021 akawaapisha 34 na kuwaacha sita, na sita hao waliapishwa Septemba 2022 William Ruto alipoingia madarakani. Utaratibu mzuri ulipunguza nguvu za vyama wakati wa kuchagua, ugomvi ukahamia kwenye kuapisha. Tanzania nako Rais anateua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume, Bunge halipigi kura, kwa hiyo hakuna kelele. Kukosekana kwa kelele sikuhesabu kuwa ni kukosekana kwa tatizo. Afadhali ugomvi unaouona kuliko uamuzi usioujua umefikiwaje.

Marekani kwenyewe yapo mapendekezo mawili yanayozungumzwa sana. La kwanza ni kuongeza majaji. Linawezekana kwa sheria ya kawaida, lakini silipendi. Roosevelt alijaribu mwaka 1937, akitaka kuongeza mpaka sita, na Seneti iliyojaa Wademokrat wenzake ilimkatalia. Leo chama kimoja kikiongeza wanne, kingine kitaongeza sita. La pili ni kuweka ukomo wa miaka 18, ili kila Rais apate viti viwili katika muhula na msiba wa jaji usiwe tena mtaji wa kisiasa. Hili nalipenda kwa dhati. Ugumu wake ni kwamba wanasheria wengi wanaona linahitaji marekebisho ya Katiba: theluthi mbili ya Mabunge yote mawili, kisha majimbo 38. Usilitegemee kesho.

Kilichopo kesho ni kura yako ya useneta. Iowa ina watu milioni tatu na ushee, California karibu milioni arobaini, na kila moja ina maseneta wawili. Sauti yako kuhusu majaji ni nzito kuliko ya ndugu yako aliye Los Angeles. Maseneta wanalijua hilo. Mwaka 2018 Wademokrat watatu kutoka majimbo yanayoegemea Republican, yaani North Dakota, Indiana na Missouri, walimpinga Kavanaugh na wote wakapoteza viti mwezi uliofuata. Joe Manchin wa West Virginia alimkubali na akarudi. Sisemi ni hilo peke yake lililowaangusha, ila hakuna seneta ambaye hakuliona. Upande wa pili, Susan Collins wa Maine alikuwa Republican pekee aliyempinga Barrett, na siku nane baadaye wapiga kura wake wakamrudisha. Kwa hiyo mgombea akija kanisani au sokoni kwenu, muulize jambo moja na usubiri jibu: utampa mteule wa Rais wa chama kingine kikao na kura, hata mwaka wa uchaguzi? Wengi watazungukazunguka. Rudia swali.

Mwisho, kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyafanya. Kama kaka yako anataka kujaribu tena, kwa bahati nasibu au kwa wewe kumwombea kama ndugu wa raia, usifuate ninachosema hapa wala anachosema mtu wa dukani anayejaza fomu kwa pesa. Masharti ya viza yamekuwa yakibadilika mara kwa mara, na njia ya ndugu wa raia ina foleni ya miaka mingi. Muone ana kwa ana wakili wa uhamiaji mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria katika shirika la kusaidia wahamiaji. Des Moines wapo, na baadhi hutoza kidogo au hawatozi. Nenda na barua ya ushindi wa kaka yako, namba ya kesi, risiti za malipo na barua yoyote ya ubalozi. Kama kuna ombi lililokwama tu, piga simu ofisi ya seneta wako hapo mjini. Wana wafanyakazi wa kufuatilia kesi za wananchi, watakupa fomu ya ridhaa uisaini, na hawaulizi ulimpigia nani kura. Na wewe mwenyewe, ukipata barua yoyote ya serikali inayogusa uraia wako, usiijibu peke yako na usiikalie: mpelekee wakili wiki hiyohiyo, ikiwa na bahasha yake.